Siku Tulipomuua Lokana Barazani

Ninyi wa rika langu mliokulia Nyakasanza, mnakumbuka vakansi kubwa zilivyokuwa ndefu. Masomo yamefungwa, mvua ya mchana inapiga mabati kama mtu anayemwaga maharagi kwenye sufuria tupu, na mama zetu hawataki kutuona ndani ya nyumba. Wengine wenu mlicheza mpira wa matambara, wengine mliruka kamba, wengine mlishuka mtoni kuoga mkarudi na ngozi imepauka, mkachapwa kwa sababu hiyo hiyo. Sisi kwenye parseli ya papa, kiwanja cha baba yetu, tulikuwa na mchezo mwingine. Sijawahi kukutana na mtu mwingine wa Bunia aliyeucheza. Na nikiukumbuka, mpaka leo, hasira hunipanda kwanza, ndipo hamu ifuate.

Mchezo wenyewe ulitoka katika balo. Mama aliuza nguo za mitumba sokoni, na siku ya kufungua balo ilikuwa kama sikukuu kwetu. Alikata kamba kwa kisu cha jikoni, nguo zikafura na kutoka kama bugali uliozidi sufuria, na ile harufu ya dawa ya mende na ya nyumba za watu tusiowajua ikajaa chumba kizima. Siku moja, katikati ya makoti ya watoto, kikatoka kisanduku cha bati. Ndani yake mlikuwa na dadu za ajabu. Nyingine zilikuwa na pembe kama jiwe lililochongwa vibaya, na moja kubwa, ya kijani, ilikuwa karibu mviringo, nyuso ishirini, kila uso na namba yake. Chini ya dadu kulikuwa na kijitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, nusu ya kurasa zake zimeliwa na panya. Mama aligeuza ile dadu ya kijani mkononi, akaona haiuziki, akatutupia.

Aliyekichukua kijitabu ni Gratien. Gratien alikuwa mtoto wa shangazi yangu, alikaa kwetu kwa ajili ya masomo, mkubwa kuliko mimi na kuliko mdogo wangu Pascal, na Kifaransa chake kilikuwa cha kumtia aibu hata diakoni wa kanisa letu. Alilala kifudifudi juu ya mkeka akakisoma siku nzima, hata chakula akakileta mdomoni bila kukitazama. Kisha akatuita barazani.

"Haiko na karata, haiko na mbao," akatuambia. "Mimi niko Shefu. Mimi njo nitasema munaona nini. Weye Furaha, weye Pascal, kila mutu iko na mutu yake. Munaniambia mutu yenu anafanya nini. Kama ile jambo iko nguvu, tunatupa dadu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kijitabu kilisema habari za ngome za mawe, za theluji, za majoka yenye mabawa. Theluji hatukuijua, Gratien akaiacha. Ngome akazigeuza nyumba za misioni zilizohamwa. Joka akalihamishia ziwani, upande wa Kasenyi, likala wavuvi na samaki zao. Msitu ulikuwa ule wa barabara ya Mambasa, na milima ilikuwa milima yetu ile ile, ila sasa ilikuwa na mapango, na mapango yalikuwa na mambo. Tulichora ramani kwa makaa juu ya saruji ya baraza, tukaweka vifuniko vya soda mahali pa watu wetu. Mtu wangu aliitwa Nyota, mwanamke mganga aliyejua majani yote. Wa Pascal aliitwa Jenerali, kwa sababu Pascal hakuwa na mawazo mengi.

Nawaambia ukweli, nimekula ndizi za kuchoma zikiwa moto, nimeolewa, nimezaa, lakini raha ya kukaa kwenye ile saruji baridi mvua ikinyesha, Gratien akipunguza sauti kusema, "Mlango unafunguka pole pole," hiyo sijaipata tena.

Shida ilikuwa moja. Kijitabu kilisema kwamba viumbe fulani havipigani na mtu. Vinaua tu. Jicho la mnyama fulani, sumu ya nyoka fulani, neno moja la mchawi. Unatupa dadu ya kijani mara moja. Ukipata namba ya juu, umepona. Ukipata ya chini, umekufa, hata kama jana uliua joka. Kwa Kifaransa kifo hicho kilikuwa na jina zuri. Sisi tulikiita kufa mara moya. Na kurasa zilizoeleza itumike lini, kwa nani, na kwa kiasi gani, ndizo hasa panya walizokula.

Gratien alikipenda kifo hicho kuliko kitu chochote. Jenerali alikufa kwa kufungua chungu. Pascal akamwanzisha Jenerali Mdogo, naye akafa kwa kunywa maji ya kisima. Akaja Jenerali wa Mwisho, ambaye alikufa kwa kumsalimu mzee darajani. Kumsalimu! Sisi tuliolelewa kwamba usipomsalimu mzee utachapwa, tunaingia mchezoni, tunasalimu, tunakufa. Pascal alilia mpaka kamasi zikaingia mdomoni, akamwanzisha Jenerali wa Mwisho Kweli.

"Yaya Gratien, kaka yetu, sasa tufanye nini?" nikamuuliza. "Tusisalimie batu?"

"Règle ni règle," akajibu. Hilo neno la Kifaransa, kwa maana ya kanuni, alilitamka kama mtu anayefunga mlango kwa ufunguo.

Mama alitusikia tukigombana kila siku, naye alikuwa na maneno yake yale yale, bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye nguo alizokuwa akizipanga: "Munapigana juu ya mutu haiko? Batu biko hapa, bugali iko hapa, mukuye mukule."

Nikaleta uasi. Nikamwambia Gratien tuondoe kabisa kufa mara moya, la sivyo mimi na Pascal tunaacha, na yeye atakuwa Shefu wa vifuniko vya soda. Akakubali kwa kununa. Ndugu zangu, hiyo ndiyo wiki mbaya kuliko zote. Bila kifo, Jenerali wa Mwisho Kweli aliingia kila pango akiimba. Alimtukana mfalme mbele ya askari wake. Alilala kitandani mwa mchawi na viatu. Gratien akisema "mlango unafunguka pole pole", Pascal anapiga miayo. Hata mimi niliyeomba, nilianza kuchungulia kama mvua imekatika. Ikabidi, kwa midomo yetu wenyewe, tumwombe Shefu akirudishe kifo. Mnaweza kuwazia uso wake.

Tulijaribu na mengine. Hirizi ya kuzuia kifo: kila mtu akaitaka, mchezo mzima ukawa wa kutafuta hirizi. Kutupa dadu mara mbili badala ya mara moja: ilikuwa ile ile, unakufa polepole kidogo. Kifo kwa wanyama wakubwa tu: Gratien akaanza kuita kila mnyama mkubwa, hata kuku. Nilikuwa nikienda kulala na kichwa kinaniuma kwa sababu ya kanuni ya mchezo, mtoto mzima niliyepaswa kuota mambo ya watoto.

Ndipo akaja Lotsove.

Walifika asubuhi moja, yeye, mama yake na koko yao, bibi mzee asiyeweza kutembea vizuri, wametoka Bule kwa mguu. Ninyi mnajua miaka ile ya vita ilivyokuwa, sina haja ya kuwaeleza. Papa aliwapa chumba cha nyuma, karibu na jiko. Baba yake Lotsove alibaki nyuma na ng'ombe, alisema atawafuata, na tangu hapo hakuna mtu aliyeleta habari. Kwenye parseli yetu mama yake aliitwa Mama Lotsove, na mume wake, alipotajwa, alitajwa kwa sauti ndogo, Papa Lotsove. Jina lake lenyewe hatukulijua. Nani anaita baba wa mtu kwa jina?

Lotsove alikuwa rika langu, mwembamba, na macho ambayo hayakuharakisha. Siku kadhaa alisimama mlangoni akitazama. Kisha akauliza kama anaweza kuwa na mtu wake. Gratien akampa kifuniko cha soda cha machungwa. "Jina?"

"Lokana," akasema. "Iko na ng'ombe. Anajua njia zote."

Na kweli alizijua. Lotsove hakucheza kama sisi. Sisi tulifika mlangoni tukasema naingia. Yeye alifika akauliza. Kuko harufu gani? Ndege biko bimenyamaza? Majani ya njiani imekanyagwa? Nani alipita mbele? Gratien hakuwa na majibu, ikambidi ayatengeneze papo hapo, na mapango yakaanza kuwa na harufu, na vijia vikaanza kuwa na nyayo. Mchezo ulinoga kuliko wakati wowote. Na Lokana hakufa. Pascal alikuwa amefika kwa Jenerali ambaye hata jina la ziada hakulipata, Lokana bado anapita na ng'ombe wake.

Hilo likamchoma Gratien. Niliona kwa namna alivyoanza kukunja midomo. "Weye unaulizaka mingi," akamwambia. "Muchezo haiko catéchisme."

Mchana mmoja, mvua imekatika na jua linachemsha matope, Gratien akatupeleka kwenye kilima chenye nyumba ndogo. Lotsove akauliza maswali yake yote. Moshi? Hakuna. Sauti? Hakuna. Harufu? Hakuna. Mbwa? Hakuna. Kila kitu hakuna, hakuna, hakuna. Akamwingiza Lokana. Ndani kulikuwa na mwanamke mzee kwenye moto, akainua macho. "Kufa mara moya," akasema Gratien. "Tupa."

Lotsove akatupa. Dadu ya kijani ikabiringika mpaka ukingoni mwa baraza, ikasimama. Mbili.

Hakupiga kelele. Aliitazama tu. "Mbele ya kuingia, kulikuwa nini ya kuona?" akauliza.

"Hakuna kitu."

"Kama hakuna kitu, basi haiko muchezo. Ni weye tu njo unatuua."

Gratien akafungua mdomo ili aseme règle ni règle. Lakini Pascal, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa ameona mtu wa mwingine anakufa, alikuwa ameshindwa kuzuia furaha yake. Aliruka kutoka barazani, akakimbia mpaka kwenye lango la parseli kuwaambia watoto wa jirani, akipiga kelele kwa nguvu zote za mapafu yake: "Lokana alikufa! Lokana alikufa! Lokana wa Bule alikufa!"

Nyuma ya nyumba, Mama Lotsove alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukanyamaza.

Alikuja mbio, mikono kijani mpaka viwiko. "Nani alisema? Nani alileta habari?" Alitutazama mmoja mmoja, na sisi, kwa ujinga na kwa hofu, hatukujibu kitu. Bado hatukuwa tumeelewa. Lotsove alikuwa ameelewa, lakini alikuwa amekauka pale pale kama sanamu. Mama yake akauona unyamavu wetu, akaupokea kama jibu. Akakaa chini kwenye matope, akatoa ile sauti.

Kutoka chumba cha nyuma koko akaitikia, kwa lugha yao, kile kilio kirefu cha msiba. Na ninyi mnajua Nyakasanza. Kabla sijasimama, wanawake wa parseli jirani walikuwa wameingia, wanafunga vikwembe kiunoni wakikimbia. Mmoja amekuja na mbabula yake, jiko la makaa, tayari kwa matanga. Mwanaume mmoja ameanza kuuliza viti vitatoka wapi. Diakoni, aliyekuwa anapita na baiskeli, akaitegemeza ukutani, akavua kofia, akaanza kuomba.

"Mama," Lotsove akapata sauti mwisho, "Mama, papa hakukufa! Papa hakukufa! Ni Gratien njo alimuua!"

Watu wote wakageuka kumtazama Gratien. Alikuwa amesimama pale, mvulana mwenye masharubu ya kuanza, dadu mkononi, na nadhani ndiyo mara pekee maishani mwake alipokosa neno la Kifaransa.

Kueleza kulituchosha roho. Ni mutu ya muchezo, tukasema. Muchezo gani? Wa kutupa dadu. Diakoni akafumbua macho: "Dadu? Munacheza kamari hapa?" Hapana, si kamari, ni mutu iko mu kifuniko ya soda. Kifuniko gani? Huyu. Huyu ni Lokana? Ndiyo, lakini haiko Lokana. Yule mama wa mbabula akasema tuna pepo. Yule wa viti akaonekana kama amesikitika kidogo kwamba hakuna msiba. Mama yangu aliporudi kutoka sokoni akakuta uwanja umejaa, na alipoambiwa sababu, alimtazama Pascal, akamtazama Gratien, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele: "Nilisemaka. Juu ya mutu haiko." Kisanduku kikapanda juu ya kabati.

Fimbo ilikuwa tayari, lakini Mama Lotsove aliizuia. Alikuwa ameosha mikono na uso. Akasema, "Muache. Kwanza anieleze."

Kesho yake akatuita jikoni, akatukalisha kwenye magogo huku akimenya viazi. Akamwambia Gratien aeleze mchezo wote, na Gratien akaeleza, macho chini. Alipofika kwenye kilima, Mama Lotsove akasimamisha kisu.

"Mbele ya kufa, aliona nini?"

"Hakuona kitu, Mama."

"Alisikia?"

"Hapana."

"Mutoto yangu, siye tulitokaka Bule. Hata ile siku, imbwa zilinyamaza. Ng'ombe zilikataa kutoka. Majirani balipita na mizigo, hawasalimie mutu. Papa yake akasema, mubebe koko, mutangulie. Juu ya ile alama, niko hapa namenya biazi."

Gratien, ambaye hata katika aibu hakuweza kuacha kubishana, alisema kwa sauti ndogo: "Mama, lakini kuko batu banakufaka bila alama."

Nilitaka kumpiga kwa gogo nililokalia. Mama Lotsove akageuza kiazi mkononi. Kisha akasema, "Biko. Njo maana sipendi hata mu muchezo."

Akaendelea kumenya viazi.

Siku hiyo tulikaa nyuma ya jiko bila dadu, bila ramani, tukaitengeneza kanuni ambayo panya walikula. Lotsove ndiye aliyeongoza. Kufa mara moya ibaki, akasema, kwa sababu bila hiyo hakuna anayeogopa, na bila kuogopa hakuna anayesikiliza. Lakini Shefu lazima aweke alama mbele, na anayeuliza vizuri lazima aipate. Na hata kama hakuipata, kabla ya kutupa dadu kuna pumzi moja. Katika pumzi hiyo mtu anaweza kufanya jambo moja dogo: kufumba macho, kurudi nyuma, kuita. Na mwenzake aliye karibu anaweza kuingia mahali pake, na kutupa dadu yeye. Gratien alitafuta kasoro kwa nusu ya mchana, hakuipata, na ilimuuma.

Tatizo likabaki Lokana. Pascal akasema tumfufue. Lotsove akakataa kwa ukali ambao hatukuwahi kuuona kwake. "Siwezi kumufufua. Mutu anafufuka kama alikufa. Yeye hakukufa. Dadu ilitupwa mubaya." Gratien naye akasimama imara: kanuni mpya haiwezi kugusa dadu iliyotupwa zamani, hakuna nchi inayofanya hivyo. Wakabishana, yule kwa machozi, huyu kwa Kifaransa, mpaka mimi nikachoka na wote wawili nikapiga kelele: "Gratien! Nyumba yako haikukuwa na alama! Rudia nyumba!"

Gratien akaketi tena. Nyumba iliyojengwa vibaya inajengwa upya, hilo aliweza kulikubali bila kukubali kwamba ameshindwa.

Mama alikishusha kisanduku kwa sharti kwamba Pascal akae mbali na lango. Tukarudi kilimani. Safari hii njiani kulikuwa na majivu, na kwenye kizingiti ndege wamekufa. Lotsove akayaona yote, akauliza yote, na bado akaingia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ng'ombe mmoja amepotelea humo ndani, na Lokana haachi ng'ombe. Sikumuelewa wakati ule. Mwanamke mzee akainua macho. Pumzi moja.

Sijui nilikuwa na nini. Nyota wangu alikuwa ameishi vakansi nzima. Alikuwa na mfuko wa majani ya kila ugonjwa, alikuwa ameponya mfalme, alikuwa amebakiza mlima mmoja tu kumaliza safari yake. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nyota anasimama mbele yake." Nikatupa. Moja.

Moja! Hata mbili haikuwa. Mpaka leo, nikiwa nachambua mchele, ile moja huwa inanirudia, nasonya peke yangu, mume wangu anauliza nimekosewa na nani. Lotsove hakusema asante. Alichukua kifuniko cha Nyota, akakifuta kwa nguo yake, akanirudishia.

Vakansi zilikuwa zinakwisha siku Pascal alipokuja mbio kutoka langoni, sharti amelisahau, akipiga kelele: "Lokana alifika! Lokana alifika!"

Hakuna mtu aliyeinuka. Mama yangu akasema kutoka ndani, "Pascal, leo nitakuchapa." Mimi nikamwambia anyamaze, koko amelala. Mchi wa Mama Lotsove haukusimama hata kidogo. Pascal akalia kwa hasira, akigonga miguu chini: "Mais ni kweli! Ni kweli! Iko inje!"

Na kweli alikuwa nje. Mwanaume mrefu, amekonda, koti la mvua limepasuka bega, fimbo ya kuchungia mkononi na hakuna hata ng'ombe mmoja nyuma yake. Alisimama langoni muda wote huo, kwa adabu, akisubiri tumalize kumgombeza mtoto, ndipo akasema, "Odi."

Hapo mchi ukaanguka.

Sitaeleza yaliyofuata, mwenye kuelewa ameelewa. Nitaeleza tu kwamba jioni, alipokwisha kula, Lotsove alimwambia tulivyomuua barazani. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akakohoa, akamwita Gratien. "Weye njo Shefu? Kosa yako ni hii. Mimi siwezi kuingia mu nyumba ya mutu bila kusema odi. Na huyo muzee hakuitika. Mutu asiyeitika odi, sitaingia kwake." Gratien akakubali, bila neno la règle, kwamba hilo hakulifikiria.

Walirudi Bule hali ilipotulia. Baadaye wakaondoka tena, wakarudi tena, na nisiwachoshe, hiyo ndiyo safari ya watu wengi wa kule, mpaka leo haijakwisha. Mzee Lokana alikufa kitandani, kwa ugonjwa wa kawaida, watoto wake wamemzunguka. Lotsove ana watoto wakubwa, sasa wako hapa Bunia, na tukikutana sokoni tunaongea bei ya maharagi. Gratien ni avoka, wakili, huko Kisangani, jambo ambalo halikumshangaza mtu, na akipiga simu bado anaanza na ile dadu ya mbili: kisheria, anasema, Lokana alikufa. Mimi namkatia.

Nami nina watoto. Kisanduku nimewaonyesha. Wakauliza kinachajiwa wapi. Nikawakalisha, nikawaeleza kufa mara moya, alama, pumzi, yote. Mkubwa wangu akasikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Mama, sasa mutu akikufa, anarudia niveau gani, ya kwanza?" Harudi, nikamwambia. "Anakufa tu?" Anakufa tu. Wakatazamana kama watu wanaomhurumia mgonjwa, wakarudi kwenye simu.

Basi nawaacha. Natengeneza chakula, nawatazama wamejipanga kwenye kiti kirefu, vidole vinakimbia. Kwenye simu hiyo mwanangu anakufa kabla ya chai, anakufa baada ya chai, anapigwa, anaungua, anaanguka mlimani. Anabonyeza, anafufuka, hata uso haubadiliki. Sisi tulimuua mtu mmoja, mara moja, wa kifuniko cha soda, na Nyakasanza nzima ikaingia kwetu mbio na mbabula. Siku hizi mtoto anakufa mchana kutwa sebuleni kwangu, na hakuna anayeacha kazi yake kuja kuuliza ni nani.